BORN PINK ya BLACKPINK: wiki nzima naisikiliza, sijui nicheke au ninune

#1 Mwanatanga, 23 Septemba 2022

Wanajukwaa habari za jioni. Mods, kama hapa si mahali pake uhamisheni tu, ila naomba msiuunganishe na ule uzi wa "K-pop ni ushetani". Kule nimeshachoka kujibu.

Leo imetimia wiki tangu BLACKPINK, wale wasichana wanne wa K-pop, yaani pop ya Korea, watoe albamu yao BORN PINK. Ijumaa ile ilitoka saa saba mchana ya Seoul, kwetu saa moja asubuhi. Nilikuwa ndani ya daladala natoka Mbagala, nimesimama, mkoba kifuani, bando nimejiunga tangu usiku nisije nikaumbuka. Nikabonyeza. Hatujafika mjini albamu ikawa imeisha na imeanza upya. Foleni moja ya asubuhi imeila yote na ikabaki na njaa.

Manung'uniko yangu yanaanzia hapo. Nyimbo nane, dakika kama 24. Tuhesabu basi: Pink Venom tulikuwa nayo tangu tarehe 19 Agosti. Ready for Love ilitoka Julai ndani ya mchezo wa PUBG Mobile, wale vikatuni vyao wanacheza. Zimebaki sita. Katika hizo sita, Hard to Love anaimba Rosé peke yake. Kwa hiyo nyimbo mpya wanazoimba wote wanne ni tano. Tano, jamani! Na tulisubiri tangu tarehe 2 Oktoba 2020 ilipotoka THE ALBUM, ambayo nayo ilikuwa nyimbo nane na dakika zile zile. Unaalikwa pilau, unakaa mkekani, unanawa mikono, unaletewa kisosi.

Shida ni kwamba kilichomo kwenye kisosi ni kitamu. Kingekuwa kibaya ningekwenda zangu nikalale.

Nianze na Pink Venom. Pale mwanzo mnaposikia nyuzi zinakwaruzwa ni geomungo, ala ya jadi ya Korea, na kwenye video Jisoo ndiye anayeipiga. Sekunde kumi za mwanzo nilisema leo ndiyo leo. Halafu inaingia biti ile ile tunayoijua na geomungo inabaki kama pambo la ukutani. Bado naipenda, wala sidanganyi. Lakini kila nikiisikiliza naona mlango umefunguliwa nusu kisha ukarudishwa.

Shut Down siku ya kwanza niliichukia kabisa. Hakuna kupanda wala kushuka, kiitikio kinapita kama hakijaja. Siku ya tatu nikajikuta naosha vyombo huku nahema kwa mapigo yake. Wimbo mzima ni kijembe. Na mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akipigiwa taarab kutoka alasiri hadi isha, kijembe nakijua kikipita hata kwa mbali. Jennie na Lisa wanachana kama mtu anayefagia uwanja wake huku akijua jirani anachungulia. Video yenyewe wamerudia mandhari ya video zao za nyuma, wanajisuta na kujisifu kwa pamoja.

Yeah Yeah Yeah ndiyo yangu. Maneno yake Jisoo na Rosé wametia mkono wao, na inasikika. Ina joto. The Happiest Girl, kinanda na sauti tu, ndipo pekee wanapoacha kujitapa, na nililia kidogo (usiku, si kwenye daladala). Tally ni nzuri ila usiisikilize mbele ya mama.

Sasa lililonikwaza kuliko uchache wenyewe. Hard to Love, The Happiest Girl na Tally, zile za kufungua moyo, zote ni Kiingereza kitupu. Kikorea kinatumika zaidi kwenye majigambo. Naelewa soko. Lakini mimi sikuwapendea Kiingereza, Kiingereza ninacho cha kutosha ofisini kinanitesa.

Ready for Love naomba nisiiseme.

Nawasilisha. Karibuni, matusi acheni mlangoni.

#2 Kivuli cha Mwembe

Nakaa siti ya mbele na karanga zangu.

#3 Mzee wa Rumba

Mwanangu, swali la kizee: mnalia kwa wimbo msiojua unasema nini?

#4 Mwanatanga

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, nawe Kilingala ulisomea wapi? Baba yangu hadi leo analia na nyimbo za Kinshasa na neno analolijua ni "bolingo" peke yake. Na kina mama zetu waliotoka sinema za Kihindi macho yamevimba, nani aliwatafsiria?

#5 Mzee wa Rumba

Marahaba. Nimejibiwa. Naondoka kwa adabu.

#6 ARMY wa Mwanza

Dada pole, ila sisi wa BTS tukulilie au tukucheke? Juni hii tumepewa Proof, diski tatu, na nyimbo mpya kamili tatu tu, zilizobaki ni za zamani na rafu zake. Siku nne baada ya kutoka wakakaa mezani, wakala, wakalia, wakatwambia sasa kila mtu afanye kazi zake binafsi. Wewe una kisosi, sisi tuliletewa albamu ya picha za harusi halafu ndoa ikapumzishwa.

#7 Mwanatanga

Hahaha ARMY leo nimekupenda bure. Ila nyie mlikuwa na Map of the Soul: 7 yenye nyimbo ishirini. Mnajua shibe ikoje. Sisi kuanzia Agosti 2016 hadi leo, ukiacha za mmoja mmoja, nyimbo zetu hazifiki hata 40 ukiweka na walizoshirikiana na Dua Lipa na Lady Gaga. Miaka sita! Kuna msanii wa hapa Bongo anatoa hizo akiwa amekasirika tu.

#8 Fidla Kuukuu

Mleta uzi, nimeingia kwa sababu ya hiyo Shut Down. Mimi napiga fidla, nilianzia kwenye kikundi cha taarab na sasa nafundisha watoto. K-pop siijui, lakini ule mstari wa fidla ulinisimamisha dukani nikamuuliza muuzaji ni nini.

Ni Paganini, Mtaliano wa Genoa. Tamasha lake la pili la fidla, sehemu ya tatu, aliyoiandika mwaka 1826. Wanaiita La Campanella, yaani kengele ndogo, kwa sababu kwenye ule muziki kuna kikengele kabisa kinagongwa na fidla inakiiga. Baadaye Liszt akaihamishia kwenye piano, na wengi wanaijua kwa njia hiyo. Kuipiga si mchezo. Vidole vinaruka kama mtu anayekanyaga makaa.

Ninalotaka kusema ni hili. Kwenye taarab fidla humjibu mwimbaji. Anasema, inamjibu, anaongeza, nayo inamchokoza. Hapa wamekata kipande kimoja wakakizungusha, mwanzo hadi mwisho ni kile kile. Fidla haijibu, inarudia. Kwa sikio langu ni kama mtu anayebishana na kasuku.

#9 Mwanatanga

Mwalimu, umenipa neno nililokuwa nalitafuta wiki nzima. Hairudishi jibu! Siku ya kwanza ndicho kilichonichosha, nilikuwa nangoja fidla iseme kitu.

Lakini niruhusu nibishe kidogo. Nadhani kasuku ndiyo kusudi lenyewe. Mwenye kijembe kile hataki kujibiwa. Amesema, amefunga duka, na kile kipande kinazunguka kama feni juu ya vichwa vya watu. Kingejibu, angekuwa amempa mpinzani nafasi.

#10 Fidla Kuukuu

Hiyo hoja naichukua. Bado ningempa mpiga fidla hata mizani nane za kujinafasi. Ni tabia ya wenye kazi.

#11 Mtoto wa Jogoo Road

Niko Nairobi. Dada wa Tanga, mimi ni Blink, yaani shabiki wa BLACKPINK, tangu wimbo wao wa Boombayah na wacha nikwambie ukweli, hii maneno ya "nyimbo chache" tumeizoea mpaka imekuwa kama sala. Teddy, prodyuza wao, hupika pole pole, sawa. Lakini kinachoniuma ni Hard to Love. Sio eti ni mbaya, ni tamu sana, ile gitaa yake naipenda. Swali ni kwa nini mmoja apewe nafasi ya kuimba peke yake ndani ya albamu ya kikundi yenye nafasi nane tu? Jennie alitoa yake 2018, Rosé mwaka jana mwezi wa tatu, Lisa mwezi wa tisa. Ni nani hajatoa? Jisoo. Kama kulikuwa na kiti kimoja kimebaki mezani, kilikuwa cha nani?

#12 Mwanatanga

Umenigusa kidonda. Kipenzi changu ni Jisoo. Ile sauti yake ya chini, nzito, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka, ndiyo iliyoniingiza huku. Kwenye albamu hii nikimsubiri nasubiri kama basi la usiku.

Na wala simlaumu Rosé. Yeye kaimba alichopewa.

#13 Dereva Mstaafu

Samahani, hizi albamu mnanunua au mnasikiliza tu kwenye simu?

#14 Mwanatanga

Tumechangishana watu wanne tukaagiza boksi moja. Ziko za pinki, nyeusi na kijivu, sisi tumechagua nyeusi. Ndani kuna kadi za picha na hujui utapata ya nani, ndiyo bahati nasibu yao hiyo. Ikifika nitawajuza. Tukimpata Jisoo kadi ni yangu, tumeandikishana kabisa.

#15 Mwanatanga, 26 Septemba 2022

Narudi mbio. Imekuwa namba moja Marekani kwenye chati ya albamu ya Billboard 200! Kikundi cha kwanza cha wasichana wa K-pop kufika pale, na tangu mwaka 2008 hakuna kikundi chochote cha wasichana kilichokuwa kimefika. Hesabu yao ya wiki ni 102,000. Na Uingereza pia namba moja. THE ALBUM ilikwama namba mbili kote kuwili.

Nimefurahi, nimeruka, nimempigia simu mdogo wangu Tanga akaniuliza kama nimeshinda mkeka.

Halafu jioni nikatulia nikanuna tena. Maana sasa nani atawaambia waongeze nyimbo? Kisosi kimepata medali.

#16 ARMY wa Mwanza

Hongereni majirani. Na hiyo "kisosi kimepata medali" naiiba.

#17 Kivuli cha Mwembe

Mie nadhani mnakosea mnapohesabu dakika. Wimbo mmoja wa taarab unaweza kukaa robo saa, na nusu yake ni utangulizi. Hakuna aliyewahi kusema amepewa bei nzuri kwa sababu ya urefu. Niulizeni: katika hizo nane, ngapi utazisikiliza mwaka kesho?

#18 Mwanatanga

Swali zuri. Shut Down, Yeah Yeah Yeah, The Happiest Girl bila shaka. Tally nikiwa na hasira. Pink Venom ikipigwa kwenye sherehe. Hard to Love… nusu nusu. Typa Girl naikubali ikiwa imepita tu, sitaiita. Hiyo ya mwisho hapana.

Tano kati ya nane basi. Mh. Ukiiweka hivyo naonekana mchoyo mimi.

#19 Mtoto wa Jogoo Road

Typa Girl usiiguse tafadhali. Tutakosana.

#20 Shangazi wa Maskati, 31 Januari 2023

Asalaam alaykum. Naufufua uzi huu kwani mtoto wa dada yangu ndiye aliyenionyesha, akasema "khalati, andika na wewe".

Mie niko Maskati, kwetu Unguja. Ziara yao hii wamekuja mpaka huku Ghuba, tarehe 20 Januari walikuwa Riyadh, na Jumamosi iliyopita, tarehe 28, wakawa Abu Dhabi, Etihad Park. Huyu mtoto kanilia miezi miwili. Nikasema haya, twende, nikamchukua na mwenziwe, tukafunga safari ya gari mpaka Abu Dhabi. Nyimbo zao sikuwa najua hata moja. Njiani wakanipigia hiyo BORN PINK mara nne, maana ni fupi kweli, hapo mwenye uzi hakusema uongo. Nikawaambia hii ndiyo nzima? Wakanambia ndiyo nzima.

Skwambii uwanja ule. Watu na vinyundo vya taa vya pinki, kila mmoja na chake, utadhani fundi seremala wote wa Imarati wamekusanyika. Kulikuwa na baridi kidogo usiku, watoto hawaihisi, mie na shela langu nimejikunja. Walipofika kwenye hiyo Shut Down nikamwambia mtoto, hichi ni kijembe hichi. Akanambia umejuaje na maneno huyajui? Nikamwambia tizama mabega yao.

Kwenye Tally wasichana walioko mbele yetu waliimba wote, neno kwa neno. Nikauliza inasema nini, akanificha ficha, mwisho akanambia inasema hakuna anayekuhesabia makosa yako. Nikanyamaza.

Mmoja mmoja walipata zamu ya kuimba peke yake. Huyo Jisoo wenu aliimba wimbo wa mtu mwengine. Kaimba vizuri sana, ila nilistaajabu, mbona wenziwe wana zao?

#21 Mwanatanga

Wa alaykum salaam shangazi, shikamoo. Nimesoma post yako mara tatu na ya tatu nimemsomea mwenzangu chumbani. "Tizama mabega yao", basi tena, uchambuzi wangu wote wa post ya kwanza umeufuta kwa maneno matatu.

Jisoo alikuwa anaimba Liar ya Camila Cabello. Ni kwa sababu hana wake bado, shangazi. Wanasema mwaka huu atapata. Tunasubiri, ndiyo kazi yetu.

#22 Fidla Kuukuu

Mama, na fidla uliisikiaje pale uwanjani?

#23 Shangazi wa Maskati

Marahaba mwanangu. Fidla bwana nilisikia mapigo tu kifuani, na watoto wakipiga kelele. Ingekuwa ukumbini ningekujibu.

#24 Mwanatanga, 2 Aprili 2023

JISOO. Flower. Juzi, tarehe 31 Machi. Sina la kuongeza, nilitaka iandikwe humu.

(Na boksi letu lilifika zamani, nilisahau kuwaambia. Tulitoa hela ya wakala, tukatoa ya mzigo, tukatoa nyingine ambayo hadi leo sijui ilikuwa ya nini. Kadi ikatoka ya Lisa. Mwenzetu anayempenda Lisa alilia kwa furaha, nami nikalia kwa heshima.)

#25 Mtoto wa Jogoo Road

Flower imeniweka chini. Alikuwa anastahili kile kiti, nilisema.

#26 Kivuli cha Mwembe, 14 Desemba 2024

Mleta uzi upo? Mwaka kesho niliokuuliza umeshapita. Zile tano bado tano?

#27 Mwanatanga, 15 Desemba 2024

Nipo. Umenifanya niingie kusoma nilivyokuwa nalalama, nimejionea aibu na kujicheka.

Mengi yamepita. Desemba mwaka jana wamesaini tena na kampuni yao YG, ila kwa kazi za kikundi tu, mambo ya mmoja mmoja kila mtu ana kampuni yake. Rosé na Bruno Mars wametuimbisha APT. hadi makondakta wa daladala, na albamu yake mwenyewe imetoka tarehe 6 mwezi huu. Nimeisikiliza, nikarudi kwenye Hard to Love, na kumbe nilikuwa sijaisikia. Mwaka 2022 niliuona kama wimbo uliokaa kiti cha mwingine. Sasa nausikia kama mtu aliyekuwa anafungasha vitu vyake taratibu, chumba cha pili, na sisi sebuleni tunagombania nyimbo ni nane au kumi.

Mwalimu wa fidla nadhani ulikuwa sahihi zaidi yangu. Shut Down bado naipenda, lakini nikiwa peke yangu nagundua nangoja ile fidla ijibu. Umeniharibu masikio.

The Happiest Girl sijawahi kuiruka hata mara moja. Ile nimeipigia kwenye msiba, nimeipigia siku nimepata kazi mpya. Na ni Kiingereza kitupu, kile kile nilichokilalamikia. Sina maelezo.

Yeah Yeah Yeah ndiyo mlio wa simu yangu hadi leo, bosi wangu anaijua.

#28 Kivuli cha Mwembe

Kwa hiyo umeacha kununa?

#29 Mwanatanga

Nani kasema? Miaka miwili na zaidi, na kikundi hakijatoa albamu nyingine. Nanuna hasa.

#30 Mtoto wa Jogoo Road

Na Typa Girl?

#31 Mwanatanga

Naiacha ipite. Kwa ajili yako tu, kaka.

#32 ARMY wa Mwanza

Na Ready for Love?

#33 Mwanatanga

Naiona ile ya nane inakuja, narudi ya kwanza.